Wito Nilioukatiza

Mabira, siku moja kabla ya safari yako

Devota mwanangu,

Mama yako ameufunga mzigo wako mara mbili na kuufungua mara mbili. Mambo ya sweta, dawa ya malaria na nani wa kumsalimu ukishavuka mto nimemwachia yeye. Ameyasema tangu asubuhi, na kesho atayasema tena lori likiwa limeshawasha injini. Mimi nimeketi barazani, mvua imetanda upande wa mto, na nina neno moja ambalo nimelibeba tangu ulipokuwa na miaka mitano. Nimelikwepa kwa aibu. Sasa unakwenda kufanya kazi ileile niliyoifanya mimi, ya kutunza vitu vya kale, katika nchi ileile niliyoikimbia mimi, na sina haki tena ya kulinyamazia.

Juzi uliniuliza: "Baba, nyumba yenyewe huko imeporwa, waliokuwa wakiitunza hawapo. Nianzie wapi?" Nikakujibu kwamba uanzie kwenye paa. Hilo lilikuwa jibu la mtu anayetaka mazungumzo yaishe. Jibu la kweli ni refu, na linaanzia nyuma ya shule yetu.

Wewe unaijua nyumba yetu ya vitu vya kale, pale nyuma ya shule, kama gofu la kufungia mbuzi, maana ulipopata akili ilikuwa imeshafikia hapo. Mimi naijua ikiwa imejaa. Sisi tuliovuka mto tukiwa vijana tulikuja na vitu ambavyo mtu mwenye akili timamu hawezi kuvibeba akikimbia: ibyansi, vile vyombo vya mti vya kukamulia maziwa, vikapu vya mikono ya mabibi zetu, upinde, ngozi ya kulalia bwana harusi. Majirani Wanyambo walipoona tunavirundika mahali pamoja, nao wakaleta vya kwao: mikuki, ngoma kubwa, majembe ya chuma cha kufuliwa hapahapa Karagwe. Nyumba ilikuwa ya udongo na nyasi, na katikati moto haukuzimwa, kwa sababu moshi ndio uliozuia wadudu wasiubungue mti.

Aliyeutunza moto huo alikuwa Bibi Stefania. Hakuwa na ukoo nasi. Alikuwa mjane asiye na mtoto, mkali, mwenye ulimi kama kiwembe. Mimi nilikuwa katibu wa kamati, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kuliko wenzangu na nilipenda kuonekana na kalamu sikioni. Aliniita "mtoto wa karatasi."

Sasa sikiliza kosa letu, maana ni kosa la watu wa ng'ombe peke yao. Unajua kwamba sisi hatuhesabu ng'ombe. Anayetaja idadi ya ng'ombe wake ameiita tauni kwa jina. Hatuhesabu watoto pia. Na vile vyombo, kwa kuwa vilishika maziwa, tulivipa heshima hiyohiyo. Siku moja alikuja bwana mmoja wa serikali, akafungua daftari gotini, akaniuliza:

"Mna vitu vingapi humu, Katibu?"

"Vipo," nikamjibu.

"Naona vipo. Vingapi?"

"Vya kutosha, mzee."

Akaandika kitu, sijui nini, akaondoka akitikisa kichwa. Bibi Stefania alicheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilicheka, lakini moyoni nilijua kuwa nimefanya ujinga. Nilikuwa nimesoma vitabu juu ya nyumba za namna hiyo, nilijua zinavyowekewa orodha. Niliogopa wazee wasije wakaniona nimekuwa mgeni. Nilichagua kuonekana mwenzao, nikaita woga wangu heshima.

Na dawa ilikuwa mbele ya macho yangu kila jioni. Bibi Stefania hakuhesabu, lakini aliita. Kabla ya kufunga mlango alisimama katikati ya nyumba na kuita kila kitu kwa jina lake, kama mchungaji anavyowaita ng'ombe zizini. Kwa lugha yetu majina hayo yalikuwa mafupi. Kwa Kiswahili ni kama Aliyeelea Mtoni, Mkwe Hasemi, Titi la Mwisho. Jembe moja la zamani, ambalo mtu hakuruhusiwa hata kulisogeza, liliitwa Usiniguse. Katika kila jina mlikuwa na habari: nani alikileta, kutoka kilima gani, kwa ajili ya harusi ya nani. Akimaliza vitu alihamia kwenu watoto mliokuwa mkicheza pale, akawaita mmoja mmoja mpaka kila mmoja aitike. Ndipo alipofunga. Kwake wito ulikuwa mmoja, vitu na watu, na haukuwa na mahali pa kukatwa.

Nilimsikia miaka na miaka. Sikuandika hata jina moja. Nilidhani kwamba kwa kuwa hatuhesabu, basi hatuandiki.

Habari za vita zilipoanza kuvuma mwaka wa sabini na nane, mimi nilikuwa tayari. Ndivyo nilivyojiona. Nilikuwa nimeandika mpango kwa mwandiko wangu mzuri: kitu gani kitangulie, nani akibebe, kwa njia gani, nani atupokee Nkwenda na nani atuhifadhi Bugene. Niliusoma mbele ya kamati, wakapiga makofi. Kisha nikaupigilia misumari ukutani, ndani ya nyumba ileile ambayo mpango wenyewe ulisema tutaikimbia. Hakuna aliyecheka. Wala hatukuujaribu hata siku moja, kwa kuwa kuondoa vitu bila hatari kungekuwa kama kuiita hatari.

Asubuhi moja watu wakaanza kupita wakitoka kaskazini, magodoro vichwani, wakisema askari kutoka Uganda wamevuka mpaka. Wengine walisema wako siku moja nyuma yao, wengine saa moja. Nikakimbilia mpango wangu. Uliwataja watu wanne wenye baiskeli. Wawili walikuwa Nkwenda na kahawa yao. Wa tatu alikuwa amempeleka mkewe zahanati. Wa nne alikuwepo, baiskeli hakuwa nayo, ameiazimisha kwa mtu. Funguo za nyumba zilikuwa mbili: mmoja kwa mwenyekiti, ambaye alikuwa amekwenda kuzika ndugu yake na ufunguo mfukoni, na mwingine kwangu.

Tulifunga vitu katika mikeka kwa pupa. Tulichukua vyepesi, tukaacha ngoma kubwa, majembe na mitungi. Bibi Stefania akasimama katikati ya nyumba, akaanza kuita.

"Bibi, hatuna muda," nikamwambia.

Akaendelea kana kwamba hajasikia.

"Bibi! Wanakuja!"

"Waje. Wakifika nitawaita na wao."

"Utaita njiani. Toka nje."

Akanitazama. "Ukikatiza wito, Katibu, huwezi kujua nani hakuitika."

Nikamshika mkono nikamtoa. Nikarudisha mlango, nikatia kufuli kwa ajili ya vile vizito vilivyobaki, nikautia ufunguo mfukoni. Nilijiona mwangalifu. Kisha nikaazima baiskeli ya jirani, nikaibebesha ibyansi, nikatangulia peke yangu ili nifike Nkwenda kabla ya mvua.

Devota, ulikuwa ndani.

Ulikuwa umelala nyuma ya ngoma kubwa, juu ya ngozi. Mama yako alidhani uko mbele na mimi. Mimi nilidhani uko nyuma na mama yako. Hatukuwahesabu, maana hatuhesabu watoto, na aliyekuwa akiwaita nilikuwa nimemnyamazisha.

Umekua ukiambiwa kwamba ulibaki na Bibi Stefania kwa kuwa ulimpenda na ulikataa kuachana naye. Nilitunga hivyo mimi. Mama yako hakukubali kamwe kukisema kisa hicho, kama uliwahi kugundua. Alitoka nje kila nilipokianza. Na wewe mpaka leo huwezi kulala mlango ukiwa umefungwa. Ulipokuwa msichana nilikugombeza kwa jambo hilo, nikakuita mwoga. Nisamehe. Nilijua woga huo ulitoka wapi.

Bibi Stefania alipofika kijito cha kwanza alishindwa kuvumilia. Akiwa anavuka akaendelea na wito pale nilipoukatiza, akamaliza vitu, akaanza watoto waliokuwa njiani na mama zao. Wote wakaitika. Akasema, "Devota." Akasema tena.

"Si yuko na baba yake?" akajibu mama yako.

"Baba yake amebeba vyombo. Nilimwona. Hakubeba mtoto."

Mama yako aliangusha mzigo alipokuwa amesimama. Alikuwa na mdogo wako mgongoni na kaka yako mkononi. Bibi Stefania akamzuia njia. "Wewe una mgongo uliojaa," akamwambia. "Mimi wangu mtupu. Nenda."

Akarudi peke yake, watu wote wakija na yeye akienda. Hakuwa na ufunguo. Alipofika jua lilikuwa likishuka, akakusikia kabla hajafika mlangoni. Alipiga kufuli kwa jiwe, halikuvunjika. Mimi huwa nanunua kufuli nzuri. Basi akazunguka nyuma, akaingiza mkono kwenye tundu la hewa, karibu na mahali majembe yalipoegemea, akavuta la kwanza aliloshika. Lilikuwa Usiniguse. Akalitumia kuubomoa ukuta.

Mama yako alinikuta Nkwenda jioni hiyo, nikipanga ibyansi kwenye ghala la mnunuzi mmoja wa kahawa. Nilikuwa natafuta kitambaa cha kuvifutia matone ya mvua.

"Devota yuko wapi?" akaniuliza.

"Si ulikuwa naye wewe?"

Akaniambia Bibi Stefania amerudi kukutafuta. Nikatia mkono mfukoni, nikaugusa ufunguo. Mwanangu, nimeyaona mengi tangu siku hiyo, na mwaka juzi mto huu ulituletea maiti kutoka ng'ambo, ambazo hukuzisikia kwa kuambiwa, uliziona mwenyewe. Hakuna kilichonifika kama ubaridi wa chuma kile kidogo.

Niliondoka papo hapo. Nilikutana nanyi kulipokucha, mvua ikinyesha. Alikuwa amekubeba mgongoni, amekufunika ile ngozi, yeye mwenyewe hana kitu mabegani. Katika mkono mmoja alishika mpini wa jembe, kipande cha chuma kikiwa bado kimeshika. Meno yake yalikuwa yakigongana, lakini ulimi wake ulikuwa uleule.

"Katibu, una kalamu?"

Nikanyoosha mikono nikupokee.

"Andika. Usiniguse imevunjika. Na ukuta. Mtoto mzima."

Mvua ile ndiyo iliyomuua. Tulifika Bugene kwa lori la kahawa, tukapewa stoo ya mabati, safi, yenye sakafu ya saruji. Nikawa nashughulika na rafu. Yeye alilala pembeni, kifua kikimbana. Aliniambia niwashe moto kwa ajili ya vyombo. Nikamwambia mwenye stoo hataki moshi. Nilihamisha vitu, nikaiacha nyuma kazi yao ya kila siku, moshi na wito. Baada ya wiki chache nikaanza kuona unga mwembamba wa mti chini ya ibyansi, kila asubuhi, kama mtu ameunyunyiza kwa makusudi.

Ndipo nilipokwenda kuketi karibu naye na daftari.

"Sasa ndiyo unaandika?" akasema. "Nimeita miaka yote, kalamu iko sikioni mwako."

"Nisamehe, Bibi. Anza."

Akaanza. Tulipata ukurasa mmoja na nusu, kwa siku tatu, kati ya kikohozi na kikohozi. Siku ya nne akasimama katikati ya jina. Nilingoja nikidhani anavuta pumzi.

Vita havikufika Mabira. Hilo unalifahamu vizuri. Tuliporudi, nyumba ilikuwa imesimama kama tulivyoiacha, mpango wangu ukiwa bado ukutani, mwandiko mzuri, misumari haijashika kutu. Uharibifu wote uliokuwepo ulikuwa tundu moja ukutani, na tundu hilo ndilo ulilotokea wewe. Vitu karibu vyote tulivirudisha. Nasema karibu kwa sababu sikuweza kujua, na mpaka leo sijui.

Kisha nyumba ikaanza kufa. Wanaume wawili walikuja siku moja, kila mmoja amekishika chombo kilekile upande wake.

"Hiki cha mama yangu," akasema wa kwanza.

"Mama yako alifuga mbuzi! Chombo cha maziwa ya ng'ombe alikipata wapi?"

"Muulize Katibu."

Wakanigeukia. Nikafungua ukurasa mmoja na nusu, nikapitisha kidole juu mpaka chini. Hakikuwemo. Nilikuwa nimesikia jina la chombo kile jioni zisizo na idadi, na sikuweza kulikumbuka. Wakaondoka hawasalimiani. Baada yao kila familia ikaja kuchukua kile ilichodhani ni chake, kabla jirani hajakichukua. Yule bwana wa serikali alirudi pia, akaniuliza tumepoteza nini, ili atuandikie msaada. Nikamwonyesha ukurasa mmoja na nusu, basi. Safari hii hakutikisa kichwa. Alifunga daftari lake polepole tu.

Ndiyo maana nakwambia usianze na paa. Vitu vilivyobaki huko vitakungoja hata vikinyeshewa msimu mmoja. Wanaovijua hawatakungoja. Watafute: mjane anayeuza viazi sokoni, mzee aliyekuwa akifagia pale, hata yule ambaye watu watakuonya usiongee naye. Kaa chini, waache waite. Andika kila jina, na andika na jina la aliyekupa. Ukipata kurasa kumi, nakili, upeleke nakala mahali ambapo moto wa nyumba hiyo hauwezi kufika, na mtu mwingine ajue ni wapi. Usiwe wewe peke yako unayejua jambo lolote. Nilikuwa hivyo, nikadhani ndiyo uaminifu. Na ufunguo, Devota: kama upo mmoja, hata uwe kwako, huo ni mtego.

Siku moja watoe watu nje kwa kujaribu, mchana kweupe, bila sababu. Watakucheka. Waache wacheke, ujue ni nani hatakuwa na baiskeli.

Wote wanaorudi wananiambia mauaji yamekwisha huko. Nami nataka yawe yamekwisha. Lakini niliambiwa hivyo nikiwa kijana, wiki moja kabla hatujavuka. Niliambiwa tena baadaye, na tena. Siku hizi naona watu wakipunguza sauti wanapopita mbele ya nyumba hii. Jumapili mtu nisiyemfahamu, aliyevaa vizuri, alinisalimia shikamoo kwa adabu, akaniuliza binti yangu anakwenda kufanya kazi nyumba ipi, katika mji upi. Nilimjibu kama zamani: "Zipo." Hakucheka. Aliangalia mlango wa chumba chako ulio wazi, akaondoka kuelekea barabara ya Nkwenda. Sikukwambia. Nakwambia sasa, maana nimejifunza kinachotokea mimi nikiwa peke yangu ninayejua.

Sitakuzuia. Nimemzuia mtu mmoja kumaliza kazi yake, inanitosha.

Katika mfuko wa pembeni nimekuwekea daftari lenye ukurasa mmoja na nusu. Nakala yake anayo mama yako. Pamoja nalo kuna kipande cha chuma nilichokifunga kwa kitambaa: ni Usiniguse, upande uliobaki. Usikiweke pamoja na vitu vya nyumba hiyo, si cha huko. Lakini kila jioni unapofunga, kitaje, na utaje na aliyekishika.

Kesho lori litakapojaa, kabla halijaondoka, nitasimama nyuma yake na kuita majina ya wote mnaosafiri. Nimeshayaulizia kwa majirani, nimeyaandika. Dereva atapiga honi, mama yako atasema nakuaibisha, na vijana watacheka. Sitaharakisha, na mtu yeyote akinishika mkono sitatoka. Jina lako nimeliweka mwisho. Nitaliita mara moja, na kama sikusikia nitaliita tena, mpaka injini izimwe.

Itika kwa sauti, mwanangu. Baba yako hasikii vizuri siku hizi.

Baba yako,
Anselmi